Sinia ya Heshima na Figo za Saindou

Mgeni rasmi, Bwana Mbaé, mkubwa wa wakubwa wetu wa Mahajanga. Wazee wa mkeka wa mbele. Fundi Abdou, imamu wetu. Boinali, unayekalishwa leo. Majirani, watani, na nyinyi watoto mliojaa madirishani mkinusa sufuria: assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

UKARIBISHO

Sisi wapishi wa shughuli wa Dzamandzar tunakukaribisha kisiwani kwetu Nosy Be. Pole na bahari, pole na barabara ya kutoka bandarini. Mara ya mwisho ulipokanyaga hapa ulikuja kumwosha mtani wako Saindou na kumtia kaburini, na hatukupata nafasi ya kukupa hata kikombe cha chai kwa utulivu. Leo umekuja kwa heri. Tunamshukuru Mungu.

Mila ya mtaa huu ni kwamba mkubwa husomewa risala kwa Kiswahili cha vitabu, ingawa humu ndani anayekisema sawasawa ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa wengi wetu Kiswahili kimebaki kwenye dini, biashara na mambo ya chombo. Nyumbani ni Kimalagasi, na wazee wakigombana ni Kikomoro. Katibu wetu Koultoum, aliyeolewa Unguja akarudi na lugha bila mume, ndiye aliyetuandikia na ndiye anayesoma. Kila sehemu ikiisha atawaeleza wenzetu kwa Kimalagasi. Mkisikia kina mama wanacheka wakati nyinyi mmeshanyamaza, sababu ni hiyo.

Mila hiyohiyo inatupa wapishi haki ya kusema kabla sinia hazijatoka jikoni. Siku zote haki hiyo tumeitumia kuomba masufuria. Leo tuna jambo jingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na sisi tunalishika hasa hilo neno la kupona. Umekuja kumkalisha Boinali katika nafasi ya mkwewe, marehemu Saindou. Kabla hajakaa, tunaomba tueleze Saindou alikufa kwa nini.

ASILI YETU

Chama chetu hakikuzaliwa kwa katiba wala mhuri. Kilizaliwa mwaka 1977, pale familia kadhaa zilipohama Mahajanga baada ya zile siku za mauaji ya Wakomoro ambazo wazee hawapendi kuzirudia mbele ya watoto. Walikuja na walichoweza kubeba, na sufuria si kitu cha kubeba mtu anapokimbia. Kwa hiyo wanawake walipika chungu kimoja, wakala pamoja, wakazoeana, na ilipofika harusi ya kwanza hapa Dzamandzar hakuna aliyeuliza nani atapika.

Miongoni mwao alikuwapo Bweni Chamsia, yaani Bibi Chamsia, kiongozi wetu, wakati huo bi harusi mbichi ambaye bado aliona haya kumwita mumewe mbele za watu. Mumewe, Saindou, alipata kazi kwenye kiwanda cha sukari, sehemu ya kuchemshia maji ya miwa. Joto la pale wenyewe mnalijua, nyinyi mliofanya kazi kule. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba wenzake walimwita Mua, na Chamsia anasema kwamba usiku wa kwanza aliogopa mifupa yake.

Miaka michache baadaye Saindou akafanya harusi kubwa. Kwa vijana wa hoteli za Ambatoloaka walioalikwa leo na hawaijui: harusi kubwa ni karamu ambayo mtu aliyekwisha oa zamani huwalisha mji mzima, ndipo ahesabiwe mkubwa. Saindou aliuza ng'ombe wa baba yake, Chamsia akauza bangili zake. Wewe, mgeni rasmi, ulifanya yako msimu uleule, mkakalishwa mkeka mmoja, na tangu siku hiyo mkawa watani msioachana. Akikohoa mmoja, mwingine alisema ni uzee.

Mkubwa wa kwetu ana mambo mawili yanayomtambulisha. La kwanza ni sinia ya heshima: wali wa nazi, maini, na juu yake nundu ya ng'ombe na mafuta yake yote, kisha godro-godro, ile keki yetu ya nazi, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Sinia hiyo hairudi jikoni na nyama. Ikirudi, mwenye shughuli ametukanwa. La pili ni kwamba mkubwa akishakaa hanyanyuki mpaka dua ya mwisho. Mtoto ndiye anayetoka kwenda kukojoa, mkubwa hutulia. Na kwa kuwa wakubwa nao wana kibofu kama watu wengine, walijifunza wenyewe dawa yake: siku ya shughuli hawanywi maji tangu alfajiri.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mengi na mnayajua. Tumepika harusi, khitma na maulidi kutoka hapa mpaka Mahajanga. Sinia yetu haijawahi kurudi na nyama hata siku moja.

Mafanikio yetu mengine yalikuwa tumbo la Saindou. Msicheke, kwa sababu ndivyo tulivyoliona. Baada ya harusi kubwa alianza kunawiri. Mwaka huu shingo, mwaka ujao kiuno, mpaka jina la Mua likabaki kama mzaha. Wanawake walikuwa wakimpongeza Chamsia sokoni, "Hongera, mkono wako mtamu," naye alirudi nyumbani anatabasamu. Mume mnene ni cheti cha mkewe. Alijivunia, nasi tulijivunia naye, na laiti tungejua tungelia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, katika risala nyingine hapa ndipo inapotajwa barabara. Barabara imeshakutikisa, haihitaji maelezo. Changamoto yetu ni moja tu.

Siku Saindou alipopatwa mara ya kwanza alikuwa kazini. Maumivu yalimshika kiunoni upande mmoja, yakateremka mpaka kinenani, akaiacha kazi akawa anagaagaa sakafuni na kumwita mama yake aliyekwisha kufa. Wenzake walimleta nyumbani kwenye mkokoteni. Chamsia alidhani ameumwa na nyoka. Wako waliosema ni ngiri, wako waliosema amekanyaga mahali pa majini. Alikojoa damu, na kesho yake akatoa kijiwe kidogo cha manjano, kama chembe ya sukari guru. Maumivu yakakatika palepale, akaomba chakula.

Hapo ndipo sote tulipokosea, na kosa hilo hatujui kama kuna watu wengine duniani wangelifanya. Kwetu, aliyetoa jiwe tulimhesabu kuwa amemaliza. Saindou alikitia kijiwe chake ndani ya kiberiti, akawa anakizungusha barazani. Wazee walikiweka kiganjani, wakakitazama, wakampa mkono.

"Umeshazaa, Mzee," walimwambia. "Sasa ule, urudishe nguvu."

Tukampikia mchuzi wa maini na mifupa wiki nzima. Wenye vijiwe vyao vya zamani nao wakavitoa masandukuni. Ikaonekana karibu kila mkubwa wa mkeka wa mbele alikuwa na kiberiti chake, na sisi badala ya kushtuka tulisema: kumbe jiwe nalo ni cheo! Ulikuwepo, mgeni rasmi. Na wewe ulikuwa nacho, tena ulisema chako ni kikubwa kuliko cha Saindou.

Jiwe lilirudi. Likarudi tena. Kila mara lilimwangusha, likatoka, likawekwa kwenye kiberiti. Kiwanda kikafungwa, mitambo ikaota kutu, vijana wakaenda kutafuta riziki Ambatoloaka, na Saindou akabaki nyumbani na ukubwa wake, maana ukubwa hauna siku ya kustaafu. Halafu likaja jiwe ambalo halikutoka. Chamsia akafunga virago akampeleka Mahajanga.

Huko walimkuta Daktari Laïla, binti wa kutoka kijiji cha Boanamary, mtoto wa watu tunaowafahamu. Picha ya figo ilishapigwa. Lakini daktari hakuanza na habari za jiwe. Alichukua utepe, akamzungushia Saindou tumboni. Kisha akampima presha, kisha akamtoa damu.

"Mwanangu," Saindou alimwambia, "ninaumwa ubavu. Sikuja kushonewa suruali."

"Nakusikia, Bakoko," daktari akajibu, akimwita babu kama tunavyowaita wazee wetu. "Jiwe lako nimeshaliona. Sasa namtafuta aliyelitengeneza."

Majibu yalipotoka aliwakalisha wote wawili. Presha ilikuwa juu. Sukari ya damu ilikuwa juu. Mafuta ya damu yalikuwa mabaya, na tumbo lenyewe lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

"Haya yakikutana kwa mtu mmoja, Wafaransa wanayaita sindromu metaboliki," daktari alisema. "Jina lisikusumbue, mama. Maana yake mwili umelemewa. Insulini, ile inayoingiza sukari mwilini, inapiga hodi na mwili haufungui. Ikifika hapo figo nazo hubadilika, mkojo unakuwa mchachu. Taka zinazotokana na nyama haziyeyuki vizuri kwenye mkojo mchachu, zinaganda. Ukikosa na maji ya kunywa, basi jiwe limeshapikwa."

Chamsia alishtuka kusikia neno hilo la kupika. Yeye ni mpishi. Alitazama mikono yake, anasema, akaona kama si yake.

"Kwa hiyo ni nyama yangu?" akauliza.

"Si nyama yako peke yake, mama, wala usijihukumu. Si wenye matumbo wote wanaopata mawe, na wembamba nao wapo wanaoyapata. Lakini kwa aliyekutwa na haya manne hatari ni kubwa zaidi, na mawe hurudi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha jiwe lake, usikae ukalisifu. Mpeleke akapimwe presha na sukari. Jiwe linaleta habari za mwili mzima."

Akawapa dawa na masharti. Maji, mengi, mpaka mkojo uwe mweupe. Ndimu. Nyama kidogo, mafuta kidogo, chai isiyo na sukari, na kutembea. Figo ya kushoto, alisema, mawe yalikwisha kuiharibu kabla hawajafika kwake. Saindou alikuwa anabebwa na ile ya kulia.

"Masharti haya ni ya kila siku?" Saindou akauliza.

"Kila siku, Bakoko. Na siku za harusi."

"Siku za harusi mkubwa hanyanyuki."

"Nani aliyesema?"

"Sisi," Saindou akajibu.

Walirudi Nosy Be, na tunashuhudia mbele ya Mungu kwamba alijaribu. Kila alfajiri baada ya sala tulimwona akiifuata barabara ya Ambatoloaka, chupa ya maji mkononi, anatembea kama mtu aliyetumwa. Akapungua. Uso ukarudi. Chamsia alianza kumwita Mua kwa sauti ya chini, wakiwa peke yao.

Lakini mji una macho na una mdomo. Walisema kiwanda kimefungwa na njaa imeingia kwa Saindou. Walisema Chamsia amelitia kufuli kabati la chakula. Aliyepongezwa sokoni kwa mkono mtamu sasa alipishwa njia na watu wanaomhurumia, na huruma ya sokoni inauma kuliko tusi. Ugonjwa Saindou alikuwa ameuficha. Hata sisi tuliokuwa tukimenya vitunguu na mkewe hatukuambiwa.

Yakaja maulidi. Wakubwa walikaa, wageni walikuja hata kutoka Mahajanga. Chamsia akaitengeneza sinia ya mumewe kwa mkono wake mwenyewe: wali kidogo, samaki wa kuchoma, mboga za majani tele, na juu yake kipande kimoja cha nundu kwa ajili ya macho ya watu. Akaifunika kawa, akaituma mbele. Alitumaini kwamba Saindou atafunua upande mmoja, atakula taratibu, dua itasomwa, mambo yataisha.

Mkono wa mtani haujui subira. Mtani wake aliyekaa karibu naye aliliondoa kawa, akakisogeza kile kipande cha nundu kwa kidole, akaona majani.

"Waungwana, njooni muone!" akapaza sauti. "Kiwanda kimefungwa, sasa Mua analishwa majani ya mbuzi!"

Mkeka mzima ukacheka. Saindou naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi. Kisha akaivuta sinia ya mwenzake, akala nundu mpaka mafuta yakamfika kwenye kiwiko, na watu wakampigia vigelegele. Chamsia aliyaona yote kupitia pazia la jikoni. Tulimwambia, "Bweni, wali unaungua," na kweli ulikuwa unaungua, lakini hakusikia.

Jina la mtani hatulitaji. Hakujua habari za daktari, na angejua angeukata mkono wake kabla ya kuligusa kawa. Ndiye aliyekuja baadaye kumwosha Saindou, na tulimsikia kupitia ukuta akimwomba maiti radhi. Hakuna mtu humu ndani anayemlaumu, na Chamsia ametutuma tuliseme hilo kwa sauti.

Jioni ile, nyumbani, Chamsia alimwambia mumewe, "Baba Oumi, kesho nitawaeleza wote. Nitawaambia alichosema daktari."

"Ukiwaambia utanivua nguo," Saindou akajibu. "Niliuza ng'ombe wa baba yangu ili nikae pale mbele. Nikiikataa sinia, yule ng'ombe nilimuuzia nini?"

 Leo Chamsia analo jibu, anasema, analo la kujaza nyumba, lakini jioni ile halikuja.

"Pika kama zamani," Saindou akamaliza. Naye akapika kama zamani, na kila siku ya shughuli aliijaza sinia ile akijua anachokijaza. Nani kati yetu angefanya vingine? Tumeulizana sana jikoni, na hakuna aliyeinua mkono.

Siku ya khitma ya Mzee Chaïbou kulikuwa na joto la kuchoma. Saindou alikuja na homa. Ubavu ulikuwa unamuuma tangu jana yake, na Chamsia alimsihi abaki kitandani. Akasema Chaïbou alikuwa mkubwa mwenzake, hawezi kumkosa. Akakaa tangu asubuhi mpaka alasiri bila tone la maji, jasho likimtiririka kwenye kanzu, na wote tuliokuwa tukichungulia tulidhani ni joto. Watu walikuwa wakisema, tazameni mkubwa anavyotulia. Dua ya mwisho ikasomwa, wenzake wakanyanyuka. Yeye akashindwa.

Jiwe lilikuwa limeiziba ile figo moja iliyobaki, na uchafu umeingia kwenye damu. Alifikishwa Mahajanga akiwa hai, Daktari Laïla akafanya aliloweza. Chamsia alimuuliza swali moja tu.

"Angenyanyuka siku ile, angepona?"

"Siku ile, mama, sijui," daktari akasema. "Angenyanyuka miaka ile yote ya nyuma, naamini leo tungekuwa naye."

Mgeni rasmi, mtu wetu alikufa akiwa amekaa vizuri. Tunajuta. Majuto ni mjukuu, huja nyuma, na wa kwetu amekuja wakati babu ameshazikwa.

Sasa kuna Boinali. Anaendesha mashua ya wageni Ambatoloaka, baba wa watoto wadogo, mume wa Oumi, mtoto pekee wa Chamsia. Harusi kubwa ameimaliza, na tumbo limeshaanza kumtangulia. Mwaka jana aliingia nyumbani kwa mkwewe akiwa ameshika kiberiti. Alitegemea atapongezwa. Chamsia alikiona akakaa chini pale pale alipokuwa, sakafuni, akajifunika uso kwa khanga.

Chamsia hakungoja kuombwa. Alimpeleka Mahajanga mwenyewe, akimshika mkono mtu mzima yule kama mtoto wa madrasa. Presha imepanda, sukari inapanda, lakini figo zote mbili ni nzima, na Daktari Laïla amesema wakati upo. Boinali amesikia, si mjinga. Maji anakunywa, chai ya sukari ameiacha. Kitu kimoja tu kimemshinda.

"Mama mkwe," alimwambia Chamsia, "nitakunywa maji nyumbani, nitakunywa kwenye mashua. Pale mbele siwezi. Nikinyanyuka mimi wa kwanza, kijana, watasema nafasi ya Saindou imenishinda."

Chamsia akaja kwetu jikoni. Hakulia. Alisema, "Mume nilimpikia. Huyu simpikii." Akauweka upawa chini, na mpaka leo asubuhi alikuwa hajaushika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi mila ifutwe. Sisi wenyewe tunaishi kwa mila, na Chamsia aliuza bangili kwa ajili yake. Wakubwa wabaki wakubwa, mkeka wa mbele ubaki mbele. Ila heshima si utumwa, na waliotuwekea utaratibu huu walikuwa watu walioona nyama kwa mwaka mara chache, wakashinda shambani na baharini. Kwao nundu ilikuwa zawadi. Kwetu sisi, na shughuli zinazofuatana kila mwezi, imekuwa kazi.

Tunaomba sinia ya heshima ipimwe kwa namna ilivyoandaliwa, isipimwe kwa mafuta. Mtuachie sisi. Tukishindwa kukupeni samaki na mboga mkajilamba vidole, mtufukuze jikoni.

Tunaomba wazee wenye viberiti wavitoe masandukuni kwa mara ya mwisho, waende navyo kwa mganga wa zahanati, wapimwe presha, sukari na kiuno. Tunajua ni akina nani. Wake zao ndio sisi.

Tunaomba maji ya ukoko yanayochemshwa kwenye sufuria ya wali, ranovola yetu, yale mnayoyanywa wote nyumbani na kuyaonea haya mbele za watu, yapelekwe kwenye mkeka wa mbele. Na mkubwa mwenye haja anyanyuke, aende, arudi, akute nafasi yake iko palepale.

Ombi hili la mwisho hakuna anayeweza kulitimiza isipokuwa wewe. Imamu wetu Fundi Abdou ameshasema kwamba dini haimzuii mtu kunywa maji wala kutoka nje, na wazee wakaitikia vizuri sana, kisha wakakaa na kiu. Wanakungoja wewe. Kati ya waliokalishwa mkeka mmoja na Saindou umebaki wewe peke yako, na akinyanyuka mdogo kabla ya mkubwa wake ni fedheha, lakini akitangulia mkubwa inakuwa mila.

Sentensi hizi zinazofuata Koultoum ameziongeza leo asubuhi. Ulipokuwa unashuka kwenye gari, mgeni rasmi, ulisimama, ukashika ubavu wa kulia, ukatazama kama kuna aliyekuona. Tulikuona. Tumeishi na mtu aliyeshika ubavu hivyo. Hatusemi zaidi, ila Daktari Laïla yuko mjini kwako, na mlango wake si mbali na msikiti wako.

Umetuletea pia mwaliko wa kupika harusi ya mjukuu wako Hayrat, huko Mahajanga. Ni heshima kubwa. Tumelizungumza, na tumekubaliana kwamba tutakuja wote, na masufuria yetu, kwa furaha, ikiwa maombi haya yatapokewa. Yasipopokewa, tunamtakia Hayrat wapishi wema. Hiki si kitisho, mgeni rasmi. Ni kwamba hatuna tena mikono ya kazi ile.

KUFUNGA

Mgeni rasmi, Mungu akurefushie umri na kuutia afya, amrehemu Saindou, awape subira waliobaki, na alifanye kila tonge la leo kuwa baraka tumboni lisigeuke jiwe.

Sinia zinatoka sasa. Yako haina nundu. Anayekuja kwako na bilauri ni Bweni Chamsia mwenyewe, mjane ambaye hajawahi kulivuka pazia lile wakubwa wakiwa wameketi, na wazee tunawaomba msimkemee. Ndani yake mna maji ya ukoko, yamepoa. Boinali yuko kushoto kwako. Hajanywa kitu tangu alfajiri, na hawezi kunywa kabla yako.

Ni sisi,
Wapishi wa Shughuli wa Dzamandzar, Nosy Be.